Kuivuta IST nyuma ya kichwa cha Scania kutoka Wete mpaka Mkoani: jibu kwa dereva aliyeuliza

"Assalaam alaykum fundi. Mimi dereva wa kichwa, niko Wete, Pemba. Bosi anataka nikipeleke kichwa (Scania, tela linabaki huku) mpaka Mkoani kipande meli kiende Unguja kufanyiwa sevisi kubwa, na mimi n'takaa huko kama mwezi. Nna gari yangu Toyota IST otomatiki, nataka niwe nayo Unguja, na sina mtu wa kunisogezea. Nimeona video za madereva wa Marekani wanavuta gari zao ndogo nyuma ya kichwa bila tela, masafa makubwa tu. Fundi mmoja kaniambia niifunge mnyororo kwenye chesisi niweke N (nyutro), basi. Mwengine anasema zikifungwa pamoja melini zinahesabiwa gari moja. Mwezi uliopita Canter iliivuta IST hii kwa kamba kutoka Chake mpaka Wete ikiwa N na haijafa mpaka leo. Kichwa kinachovuta tani 30 kitashindwa na IST? Naomba unieleze kwa kina, ahsante."

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Nimefurahi umeuliza kabla hujafunga kitu, maana wengi wanakuja kwangu gari ishalala. Kama nimekufahamu vizuri shida yako ni hii, mtu mmoja, vyombo viwili, na vyote viwili unavitaka Unguja. N'takujibu moja kwa moja halafu ndio nieleze: kwa mnyororo usithubutu kabisa, kwa N peke yake hiyo gia boksi utaiua, na kwa chuma maalumu cha kuvutia kazi hii inafanyika duniani lakini siyo kwa IST ya otomatiki mipira yote minne ikiwa chini. Na barabara yenyewe ni ya kutoka Wete mpaka Mkoani, haifiki kilomita 70, ipo njia nyepesi zaidi na n'takuonesha huko chini.

Tuanze na hilo la nguvu kwa sababu ndilo linalowapoteza watu. Hakuna anayebisha kwamba kichwa kina nguvu. Kichwa kitupu chenyewe kina tani 7 mpaka 9 hivi kutegemea kina eksili ngapi, IST yako ni kama tani moja, kitaiondoa bila hata wewe kujua kuna kitu nyuma, na hapo ndipo khatari inapoanza, hapo kwenye "bila hata wewe kujua". Ukivuta gari ndogo kwa gari ndogo unaisikia, ikizuia unasikia injini inaelemewa, ikiyumba unasikia usukani. Kichwa cha Scania hakikupi habari yoyote. Hendibreki ya IST ikiwa imebakia nusu, utakwenda nayo kutoka Wete mpaka Chake ngoma za nyuma zinaungua na wewe unabadilisha gia raha mustarehe. Mpira ukipata pancha utaendelea kuuburura mpaka unakatika vipande, ringi inasaga lami inatoa cheche, na moto ukianza wa kwanza kuuona ni watu wa barabarani. Na usijitegemee vioo, kichwa kina upana wa kama mita 2.5 na IST ni kama mita 1.7 tu, ikiwa imekaa sawasawa nyuma yako huioni kabisa, utaiona tu siku imetoka kwenye msitari na siku hiyo ushachelewa.

Jambo la pili ni breki, na wewe dereva wa tela hili unalijua mwilini hata kama hujawahi kuelezwa. Kichwa kimetengenezwa kifanye kazi na mzigo umekilalia mgongoni. Springi za nyuma, ukubwa wa breki, kila kitu kimepimwa kwa ajili ya tela lililojaa. Ukitoa tela, mipira ya nyuma haina uzito wa kuikandamiza chini, ukikanyaga breki kwa nguvu inafunga na kuteleza badala ya kushika, ndiyo maana kichwa kitupu kinaruka ruka na kinataka kuzunguka barabara ikiwa na maji. Vitabu vya kufundishia madereva wa magari makubwa Marekani vinasema wazi kwamba kichwa bila tela kinaweza kuchukua masafa marefu zaidi kusimama kuliko kichwa chenye tela lililojaa. Watu wakisikia hivi wanashangaa, wanadhani chepesi ndio kinasimama haraka. Sasa juu ya hicho ambacho tayari kusimama kwake ni taabu unataka kuongeza tani moja inayosukuma kutoka nyuma, isiyo na breki. Maana usidhani zile paipu za upepo za tela zitasaidia kitu, IST haina breki za upepo, ile breki ya tela unayovuta kwa mkono haitaigusa.

Barabara zetu za Pemba unazijua, siyo tambarare kama za Unguja. Kutoka Wete mpaka Mkoani ni mlima na bonde, kona, watoto wanatoka skuli, gari za ng'ombe, na msimu wa karafuu watu wameanika kwenye majamvi mpaka ukingoni mwa lami. Kwenye mteremko gari inayovutwa haivutwi tena, inakusukuma. Kwa chuma kigumu msukumo ule unakuja kwenye chesisi yako, kwa mnyororo haukuji popote, gari inakuja tu yenyewe.

Ndio maana nasema mnyororo au kamba usithubutu. Kamba inavuta, haizuii. Kila ukipunguza mwendo lazima awepo mtu ndani ya IST akanyage breki na ashike usukani, na injini ikiwa imezimwa breki ile inabaki na msaada wa kukanyaga mara moja mbili tu, baada ya hapo inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani nao unakuwa mzito. Halafu wewe mwenyewe umesema huna mtu. Na ungekuwa nae mtu mwenye leseni wa kukaa ndani ya IST ashike usukani, si angeiwasha tu akaiendesha mpaka Mkoani? Bila mtu ndani, mara ya kwanza tu ukishika breki pale mtoto amekatisha njia, IST itaingia chini ya mkia wa chesisi. Vichwa vingi nyuma havina bampa ya kuizuia, ule mwisho wa chesisi uko karibu na kimo cha boneti na nyuma ya boneti ndio kuna kioo. Sitaki hata kuifikiria na mtu akiwa ndani.

Na usifunge kwenye ile sahani ya kushikia tela. Iko juu sana, zaidi ya mita moja kutoka chini kwenye vichwa vingi, na ndoano ya kuvutia ya IST iko chini ya bampa, kwa hiyo kifungo chochote kitapanda mshazari. Chuma cha kuvutia kinatakiwa kilale karibu sawa na ardhi, wanaofanya kazi hizi wanataka tofauti ya kimo isizidi kama sentimita 10. Kikiwa mshazari, ukishika breki kinanyanyua au kinakandamiza pua ya gari badala ya kuisimamisha. Ile ndoano yenyewe ya kufungia kwa kuzungusha, inayokaa kwenye buti pamoja na jeki, ni ya kuitoa gari kwenye tope au kuipandisha juu ya lori. Ni moja, iko upande mmoja, haikutengenezwa kubeba mitikisiko ya kichwa kitupu kilomita na kilomita.

Sasa hii N. Nakuomba hapa unisikilize vizuri kwa sababu pesa nyingi zinapotea hapa. Watu wanadhani ukiweka N kila kitu kimeachana, gari imekuwa kama toroli. Siyo hivyo. N inaiachanisha injini, lakini mipira ya mbele bado imeshikana na shafti, shafti na difu, difu na sehemu ya gia zilizomo ndani ya gia boksi. Mipira ikizunguka, vile vyuma vinazunguka. Na vyuma hivyo vinaishi kwa oili inayosukumwa na pampu, na pampu ile inazungushwa na injini, haizungushwi na mipira. Injini imezimwa, pampu imelala, oili imetulia chini kwenye sampu (lile bakuli la chini la gia boksi), na huko juu vyuma vinazunguka kwa mwendo wa barabara bila ya kupata oili ya kutosha. Vinapata joto, bushi zinaliwa, ile takataka inaingia kwenye oili na siku ukiwasha gari pampu inaizungusha takataka hiyo gia boksi nzima.

Kuna watakaokwambia uiache injini inaguruma ili pampu ifanye kazi. Oili itazunguka kweli, lakini gari haina mtu, feni ikigoma au paipu ya maji ikipasuka nani ataangalia geji? Utafika Mkoani na injini imekufa badala ya gia boksi.

Halafu IST siyo zote sawa. Zile za mwanzo, za 2002 mpaka 2007, nyingi zina otomatiki ya kawaida ya gia nne. Zile zilizofuata zenye injini ya 1.5 nyingi zina CVT, ile ya mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili, na hiyo ndiyo mbaya zaidi ya kuiburura bila pampu kwa sababu mkanda ukiteleza mara moja unaichubua puli na puli ikichubuka haina dawa. Na zipo IST za 4WD, zinazovuta kwa mipira yote minne, hizo hata ukinyanyua mipira ya mbele ya nyuma bado inazungusha vyuma. Angalia yako ni ipi, usitegemee maneno ya aliyekuuzia. Kitabu cha gari kwa bahati mbaya nyingi zinakuja nacho kwa Kijapani, lakini kurasa za kuvuta zina michoro, ile yenye alama ya X juu ya mchoro inafahamika hata usipojua kusoma. Na kwa wasomaji wengine wenye Aqua na Prius, nyinyi ndio kabisa, mota ya umeme imeshikana na mipira muda wote, mipira ya mbele ikizungushwa barabarani inazalisha umeme hata gari ikiwa imezimwa.

Wamarekani uliowaona kwenye video hawakudanganyi, wanavuta kweli, ila video haioneshi yaliyo chini ya gari. Wanaochukua mipira yote minne chini wanachagua gari maalumu ambayo mtengenezaji mwenyewe ameandika kitabuni kwamba inaruhusiwa, Jeep Wrangler ndiyo maarufu kwa sababu ina gia boksi ya pembeni ya 4WD yenye nyutro yake, ukiiweka hapo mipira inaachana na vyuma vyote vya juu. Nyuma ya bampa ya gari ndogo wamefunga pleti ya chuma kwa bolti kwenye fremu yenyewe, chuma cha kuvutia kina miguu miwili kimefanya umbo la A, kuna minyororo miwili ya akiba imepishana chini yake, na wengi wanaongeza kifaa kinachokanyaga breki ya gari ndogo. Wengine hawaburuzi kabisa, wamerefusha chesisi ya kichwa na gari ndogo inapanda juu nyuma ya kebini.

Na kuna jambo moja ambalo ukiiga litakuunguzia waya zako. Malori ya Marekani ni umeme wa volti 12 sawa na gari ndogo, kwa hiyo wanachukua waya wa taa za breki na indiketa moja kwa moja mpaka taa za gari ndogo. Scania yako ni volti 24. IST ni volti 12. Ukiunga waya zile balbu za IST zinakatika pale pale na unaweza kuunguza na vitu vyengine ndani. Anayetaka kufanya kwetu atengeneze ubao wa taa wa peke yake wenye balbu za volti 24, aufunge nyuma ya gari inayovutwa, pamoja na pleti namba. Bila taa usiingie barabarani, kwa sababu ukishika breki taa za nyuma za kichwa zinaweza kuzibwa na gari, anaekuja nyuma asione kitu.

Kuhusu meli. Sijui nani kaanzisha hili la gari moja. Melini inayouzwa ni nafasi, na gari mbili zinakula nafasi ya gari mbili hata uzifunge kwa pete ya ndoa. Kabla ya siku ya safari nenda ofisini kwao uulize bei ya kichwa na bei ya IST, waambie dereva ni mmoja. Lakini hata wangekubali, kuna tatizo la kiufundi: gari iliyofungwa kwa chuma mipira yake minne ikiwa chini hairudi rivasi. Ukirudi nyuma mipira ya mbele ya IST inajikunja yenyewe mpaka mwisho wa usukani, gari inakwenda mshazari na chuma kinapinda au kinang'oa pale kiliposhikwa. Bandarini utaambiwa urudi nyuma, hiyo ni kazi ya kila siku ya bandari, na mlango wa meli una mteremko wake. Kwa vyovyote pale Mkoani ungezifungua. Basi umevuta kwa faida gani?

Haya, tufanyeje. Mimi ningekuwa wewe, siku moja kabla ningeiendesha IST mwenyewe mpaka Mkoani, ningeiacha kwa jamaa au mahali penye mlinzi, nikapanda daladala kurudi Chake na nyengine mpaka Wete. Kesho yake nakuja na kichwa kitupu peke yake, polepole. Kupakia unapakia moja, unashuka, unapakia ya pili, ilimradi wenye meli umewaambia mapema wasikupange mwisho kwenye foleni. Unguja ukishuka unafanya vile vile kinyume chake, kichwa kinakwenda gereji, unarudi kwa daladala au bodaboda kuchukua gari yako. Ni usumbufu wa nusu siku na nauli ndogo. Ukiona tabu, mtafute dereva mwenye leseni umlipe siku yake na nauli yake ya kurudi, mjini Wete hawakosi, muulize sheha au nenda stendi.

Kama IST yenyewe haiendesheki, yaani inavutwa kwa sababu ni mbovu, basi ipakie. Fuso au Canter yenye bodi ya chini inatosha, ila ile tabia ya kuisogeza lori kwenye tuta na kuweka mbao mbili mimi naiogopa, nimeona mbao ikivunjika na gari inalala ubavu. Tafuta brekidauni yenye kitanda au angalau ngazi za chuma. Kifaa chengine kinachofaa kwa otomatiki ya mbele ni kile kitela cha mipira miwili kinachobeba mipira ya mbele ikawa hewani, mipira ya nyuma inazunguka chini na hendibreki imeachiwa, hapo gia boksi haiguswi. Huku visiwani ni adimu, ukikipata kifungwe kwenye ndoano halali ya kuvutia, siyo kuchomelewa kipande cha chuma pembeni ya barabara.

Kwa mwenye gari ya manyuali hali ni nafuu kidogo. Manyuali ya kuvuta mbele ikiwa nyutro nyingi zinavumilia, lakini zile za kuvuta nyuma kama Hiace na Carry, masafa marefu toa propela (ile shafti ndefu inayopeleka nguvu mipira ya nyuma) kabisa, na kama propela yako ni ya kuchomoka kwenye mkia wa gia boksi ziba lile tundu kwa kipande cha tyubu na kleme ili oili isimwagike. Ufunguo uwe kwenye ACC, pale panapofungua usukani bila kuwasha injini, ili usukani usijifunge njiani. Kila baada ya kilomita chache simama, zunguka, weka mkono karibu na kila ringi usikie joto. Mwendo usizidi 40.

Na kichwa siyo chako, ni cha bosi. Kabla hujavuta chochote nacho mwambie, na yeye aulize bima yake kwa maandishi kama inamlinda kichwa kikivuta gari binafsi, na wewe uliza ya IST, maana wengi wetu tuna bima ndogo tu na gari ikigonga mtu wakati inavutwa kila upande utasema siyo mimi. Pita na kwa trafiki Wete umuulize anataka nini. Kuuliza ni bure, kusimamishwa Chake na gari mbili zimefungana ni siku nzima.

Nimalizie na hilo la Canter, maana hili ndilo lililonitia wasiwasi kuliko yote. Umesema ilivutwa Chake mpaka Wete ikiwa N na haijafa. Kutokufa siku ile siyo ushahidi. Gia boksi iliyokauka kidogo inaweza kukubeba wiki na miezi, halafu inaanza kuchelewa kushika ukiweka D, inapiga teke ikibadilisha gia, au injini inapaa na gari haiendi. Kwa hiyo kabla ya hata hiyo safari ya Mkoani fanya hivi. Endesha mpaka gari ipate moto, simama sehemu ya sawa, injini inaguruma, toa kijiti cha oili ya gia boksi (kama yako ni ile ya gia nne, kijiti kipo), kifute kwa kitambaa cheupe, kirudishe, kitoe tena. Oili nzima itakuwa nyekundu au imekaribia kahawia. Ikiwa nyeusi, au ukiinusa ina harufu ya kuungua, usiiendeshe tena. Mwite fundi wa gia boksi, siyo fundi wa kila kitu, afungue sampu mbele yako. Mle ndani kuna sumaku ndogo. Ukiona zimeshika uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida, asafishe, abadilishe filta na oili ya aina inayotakiwa na gari ile. Ukiona chembe unazoweza kuzihisi kwa vidole, au vipande vinavyong'aa, mwambie asikufungie, iondolewe yote ikaguliwe. Kama yako ni CVT usijaribu mwenyewe, na oili yake ni ya peke yake, akikutilia ya otomatiki ya kawaida ameiua. Ukishaangalia niandikie rangi uliyoikuta na iwapo inachelewa kushika D asubuhi ikiwa baridi, nikwambie kama inafaa kupanda meli au ianze na fundi hapo hapo Wete.